Namna ya Kuwatafutia Wahitimu Kazi Bila Kutoka Ofisini

Hongera. Umeteuliwa kuwa mratibu wa ajira katika kituo cha mafunzo ya vijana, mahali fulani kati ya Somanga na Lindi mjini. Umepewa meza, kiti cha kuzunguka na jukumu lililoandikwa kwa sentensi moja: kuboresha huduma ya kuwaunganisha wahitimu na waajiri. Sentensi hiyo isikutishe. Waliokutangulia waliiboresha huduma kila robo mwaka, na wahitimu wao wapo barazani mpaka leo, wazima wa afya. Mwongozo huu umekusanya busara za ofisi nyingi za pwani hii ili nawe uboreshe bila kumsumbua mwajiri, ambaye naye ana shughuli zake.

Hatua ya 1: Fundisha kwa ajili ya kazi ambayo haijafika

Hii ndiyo kanuni mama. Kazi iliyopo ina ubaya mmoja: mtu yeyote anaweza kwenda kuangalia kama mhitimu wako ameipata. Kazi itakayokuja haina mkaguzi.

Mkoa wa Lindi umejaliwa sana kazi za namna hiyo. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, na ikaanza kuchomwa kwenye mitambo ya umeme ya Dar es Salaam mwaka 2004. Kijana wa miaka 20 aliyesikia habari njema siku ile ya kwanza alikuwa na miaka 50 siku bomba lilipofunguliwa. Kama alikuwa amesajiliwa kwenye programu ya kumwandaa kwa uchumi wa gesi, basi hakuna mtu nchini aliyeandaliwa vizuri zaidi yake.

Siku hizi macho yapo Likong'o, panapotarajiwa kujengwa mtambo wa kusindika gesi kuwa kimiminika. Juni 2022 Serikali ilisaini makubaliano ya awali na kampuni za Equinor na Shell. Hapo ndipo pa kufungulia kozi: baada ya picha za kusaini na kabla ya kijiko cha kwanza cha mchanga. Kozi iite "Uchomeleaji wa Mafuta na Gesi", hata kama karakana yako ina mashine moja ya kuchomelea na umeme unaokatika. Wachomeleaji wa mabomba ya gesi hupimwa viungo vyao kwa mionzi, na kiungo chenye tundu lisiloonekana kwa macho hukataliwa. Wanafunzi wako wamechomelea mageti mawili, moja la mkuu wa kituo. Usiwaambie habari ya mionzi. Wala usiwaambie kwamba mtambo wa namna hii huajiri watu wengi wakati wa kujengwa na wachache tu unapoanza kuzalisha. Kijana akishajua hayo ataanza kuuliza habari za fani nyingine.

Akitokea mtu akakuuliza kama kungoja huku kuna mwisho, mkumbushe kwamba mkoa una uzoefu. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Waingereza walikuja kulima karanga Nachingwea, wakaahidi reli, bandari na ajira. Mwaka 1951 mpango ukatupwa, na reli ikaja kung'olewa baadaye. Walioingoja kazi ile walingoja kwa nidhamu.

Hatua ya 2: Usimuulize mwajiri chochote

Mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi, ambayo Julai 2023 ilishushwa hadi asilimia 3.5 ya mishahara anayolipa. Mtu aliyekwisha kulipa hivyo, kumfuata tena na kumuuliza anataka fundi wa namna gani ni kumkosea adabu. Mwache apumzike.

Wale wasiofikisha wafanyakazi 10, yaani karibu kila mtu unayemfahamu, hawana haja ya kuulizwa kabisa. Hawana barua pepe, kwa hiyo hawapo. Ukimfuata tajiri wa boti Kilwa Masoko atakueleza, kwa lugha nzito, habari ya mashine yake iliyokufa na fundi mmoja anayegombewa na boti zote. Mchuuzi wa samaki atakuambia barafu imemwishia njiani. Mwenye gesti atalalamikia kiyoyozi, mpishi na pampu ya maji kwa mkupuo mmoja. Kwenye mashamba ya chumvi na maghala ya ufuta nako utapewa orodha. Kufika jioni utakuwa na majina ya kazi za kweli, na kazi za kweli zikishaandikwa kwenye daftari zinaanza kudai mtu wa kuzifanya.

Zaidi ya yote jihadhari na bandari ya uvuvi. Jiwe la msingi liliwekwa na Rais Samia Suluhu Hassan pale Kilwa Masoko Septemba 2023. Bandari ya uvuvi haihitaji wavuvi tu. Inahitaji mafundi wa majokofu, mafundi wa mashine za boti, watu wa umeme, wachakataji wanaojua usafi wa samaki wa kuuzwa nje, wapimaji, makarani na waendesha mitambo ya barafu. Mtu mwenye haraka angefungua kozi ya majokofu kesho asubuhi. Wewe huna haraka. Kozi huchaguliwa kwa kuangalia ni mwalimu gani yupo na mfadhili ameleta vifaa gani. Kama ameleta vyerehani, wilaya nzima ina uhaba wa mafundi cherehani, na utafiti wa soko umekamilika.

Hatua ya 3: Kalenda ya kituo isijuane na kalenda ya mkoa

Pwani hii ina saa yake. Kusi ikivuma kwa nguvu boti ndogo hukaa nchi kavu. Bahari ikitulia wakati wa kaskazi, mashine zote hutakiwa siku moja. Ufuta huanza kuingia maghalani na kuuzwa minadani kuanzia karibu na Juni. Korosho hufuata kuanzia Oktoba. Hizi ndizo nyakati ambazo mwajiri hupokea mtu hata kama hamjui, kwa sababu mikono haitoshi.

Panga mitihani nyakati hizo hizo. Mahafali yaangukie pale shughuli zinapokwisha na kila mwenye ghala anahesabu vibarua wa kuwaaga. Siku hiyo mwalike mgeni rasmi aanze hotuba na Ibn Battuta aliyefika Kilwa mwaka 1331, apite kwenye magofu yaliyoingia Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, na amalizie kwa kuwataka vijana waache kuchagua kazi. Vijana watapiga makofi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kupewa kazi mbili achague.

Mafunzo kazini, yale wenyewe wanayaita fildi, yapange kwa wiki chache za mwisho, na kila mwanafunzi ajitafutie mahali pa kwenda. Mpe barua inayoanza na "Kwa Yeyote Anayehusika". Atazunguka nayo mpaka agundue kwamba hakuna anayehusika.

Hatua ya 4: Boresha wasifu, si mwenye wasifu

Ukiona mambo hayaendi, endesha mafunzo ya kuandika wasifu. Uandikwe kwa Kiingereza, kurasa tatu, uwe na sehemu ya malengo ya maisha. Kazi yenyewe ni ya kufunga nyaya kwenye nyumba ya mwalimu mstaafu Kivinje, ambaye anataka kujua jambo moja tu: kijana huyu aliwahi kufunga nyumba ya nani, na taa zinawaka?

Kisha kamilisha jalada. Kitambulisho cha NIDA. Barua ya mtendaji. Wadhamini wawili, mmoja awe mtumishi wa umma. Nakala ya cheti iliyothibitishwa na wakili, ambaye yuko Lindi. Kijana akishakamilisha hayo atakuwa ametumia nauli ambayo ingemfikisha kwa waajiri wote wa wilaya, lakini jalada lake litakuwa limenyooka.

Hatua ya 5: Fungua kundi la WhatsApp

Liite "Fursa kwa Wahitimu Wetu". Hii ndiyo huduma ya ajira yenyewe. Yaliyotangulia yalikuwa maandalizi. Humo utatupia kila tangazo linalopita kwenye simu yako: dereva wa magari makubwa Kahama, muuguzi Unguja, mhasibu mwenye uzoefu wa miaka mitano. Usilisome tangazo kabla ya kulituma. Yaliyokwisha muda nayo yana faida, kwani yanaonyesha kwamba zamani kazi zilikuwepo.

Mara moja moja atatokea kijana aliyeitwa kweli kwenye usaili Dar es Salaam. Ujumbe wa simu umfikie jioni, usaili uwe saa mbili asubuhi. Kutoka Masoko ni karibu kilomita 300, na barabara ni moja. Mei 2024, mvua na Kimbunga Hidaya vilipoikata barabara hiyo maeneo ya Somanga, kusini nzima ilibaki upande wake. Kijana aliyekwama huko na jalada lake mkononi muandike kwenye taarifa: "hakuonyesha ari".

Hatua ya 6: Jifunze kuhesabu

Hapa ndipo mratibu mzuri anapojulikana. Miezi sita baada ya mahafali, mfadhili atataka kujua ni wahitimu wangapi wamepata ajira. Usitishike, piga simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Upo wapi siku hizi?"

"Nipo tu, mama. Namsaidia ami kuuza barafu pale sokoni."

"Anakulipa?"

"Ananipa ya kula."

Andika: *ameajiriwa katika mnyororo baridi wa mazao ya bahari.* Yule anayeendesha bodaboda ya mtu mwingine kwa hesabu ya kila siku, baada ya kusomea umeme mwaka mzima: *amejiajiri, sekta ya usafirishaji.* Binti aliyesomea upishi, akaolewa, anapika kwake: *anatumia ujuzi alioupata.* Aliyelima ufuta na baba yake tangu kabla hajajiunga na kituo, na bado analima: *kilimo biashara.* Asiyepatikana kwenye simu amehama mkoa, na mtu hahami bila sababu, mhesabu.

Usiulize maswali matatu: analipwa kiasi gani, kazi hiyo ina uhusiano na alichosomea, na je, ile ya kwanza aliyoiacha aliiacha kwa nini. Maswali hayo hushusha asilimia, na asilimia ikishashuka haipandi bila kufanya kazi.

Hatua ya 7: Wakizidi kuuliza, waambie wajiajiri

Kujiajiri ndiko kunakomalizia mjadala wowote. Mhitimu asiye na kazi ni tatizo la kituo. Mhitimu asiyejiajiri ni tatizo lake mwenyewe. Waweke watano kwenye kikundi, wape cherehani moja, na uwaelekeze halmashauri wakaombe mkopo wa ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo hugawanywa nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo iliwahi kusitishwa mwaka 2023, ikarudishwa mwaka uliofuata. Kikundi kilichoandika andiko katikati ya hapo kilipata angalau mazoezi ya kuandika.

Watano wakianza kugombania zamu za cherehani, itisha warsha ya wadau Lindi mjini. Alika kila anayezungumzia ajira na usialike yeyote anayetoa ajira. Maazimio yawe na neno "mkakati" na kamati ya kuufuatilia. Mwenyekiti wa kamati awe wewe.

Tahadhari: mambo ya kuepukwa kabisa

Kuna waratibu waliowahi kuiharibu kazi hii. Tunayataja makosa yao hapa ili uyajue ukiyaona.

Kosa la kwanza ni kwenda diko boti zinaporudi, kukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kuwauliza manahodha nini kimewasumbua wiki hii. Anayeanza hivyo hurudi ofisini akitaka kubadilisha mtaala.

La pili ni kumpata mwajiri kabla ya mwanafunzi. Hawa huingia gereji ya mashine za boti na kumwambia mwenyewe: "Fundi, mwezi wa nne nitakuletea vijana wawili. Nikuletee wanaojua nini?" Fundi akishataja mambo matano, mwalimu hana budi kuyafundisha hayo matano, na fundi anajiona ana deni. Matokeo yake fildi haiwi barua tena. Inakuwa siku tatu za wiki gerejini na mbili darasani, tangu mwanzo wa kozi. Ndivyo mafundi wa mashua wa pwani hii walivyorithishana kazi bila ofisi ya ajira, mtoto akianzia kuziba nyufa kwa pamba na kumalizia kusimamisha mlingoti.

La tatu ni kuwakutanisha watu wasiotakiwa kukutana. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi: fundi aliyejifunzia mtaani hupimwa na kupewa cheti bila kurudi darasani. Kwa hiyo tunao wenye kazi wanaotafutiwa cheti, na tunao wenye cheti wanaotafutiwa kazi. Mratibu mmoja asiye na nidhamu akiwaweka kundi la kwanza na la pili kwenye gereji moja, fundi mkongwe anapata msaidizi anayesoma michoro, kijana anapata mtu wa kumshika mkono, na ofisi mbili zinakosa taarifa ya kuandika.

La nne ni kumlipia mhitimu nauli na kodi ya mwezi wa kwanza. Kijana wa Kipatimu aliyepata kazi Masoko hana pa kulala mpaka mshahara utoke, na mshahara hutoka mwezi ukiisha. Wengi hurudi nyumbani wiki ya pili, nasi tunaandika kwamba hawakuwa wavumilivu. Ukimkopesha fedha ya kumvusha siku 30 hizo, atabaki kazini, na utakuwa umeharibu maelezo yetu yote kuhusu tabia za vijana wa siku hizi.

La tano ni kwenda nyumbani kwa akina binti. Mzazi anayekataa mwanawe asiende kufanya kazi hotelini mara nyingi hakatai kazi. Anataka kujua atalala wapi, atarudi na nani usiku, na bosi ni mtu wa namna gani. Mratibu anayevua viatu, akaketi mkekani na kujibu hayo matatu, huondoka na ruhusa. Sisi tumezoea kuandika "changamoto za mila" na kuendelea na ajenda.

La sita, na baya kuliko yote, ni kurudi. Kuna watu humtembelea mwajiri mwezi wa tatu na wa sita baada ya kumpelekea kijana, na kumuuliza: "Vipi yule?" Wakiambiwa alifukuzwa, huuliza kwa nini. Wakiambiwa alikuwa anachelewa, hajui kupima, anashika simu mteja akiwa amesimama, huyarudisha hayo darasani wakayafundisha muhula unaofuata. Na wakiambiwa mwajiri hakumlipa, huenda kudai kwa niaba yake, na mwajiri huyo hapelekewi kijana mwingine.

Nchi yetu haikukosa sheria wala ofisi. Sheria ya Taifa ya Kukuza Huduma za Ajira ipo tangu mwaka 1999, na Wakala wa Huduma za Ajira, TaESA, ulianzishwa mwaka 2008. Nguvu za sheria na ofisi hizo huishia pale mtu wa mwisho kwenye mstari anapotakiwa kusimama, kufunga mlango na kupanda bodaboda kwenda gerejini. Mtu huyo ni wewe, na ndiyo maana tunakusihi ubaki ulipo.

Ukishindwa kabisa kujizuia, ukayafanya hayo sita kwa mwaka mmoja, ujue utakachokutana nacho. Mfadhili atakuja na wapiga picha, ataomba kuonana na mhitimu. Itabidi umpeleke Masoko, kwenye jua, katikati ya harufu ya dizeli na samaki. Kijana atakuwa amelala chini ya mashine ya boti na hatatoka kupigwa picha kwa sababu nahodha anangoja maji yajae. Na fundi wake, mbele ya wageni wote, bila hata kukusalimia vizuri, atakuuliza wale wawili wengine unawaleta lini.